Kokoto Ndani ya Rangi ya Maji

Paka ukuta rangi ya maji, iache ikauke, kisha uimwagie maji. Haitoki. Ilikuja na maji, mbona sasa maji hayaiwezi? Kwa sababu haikuyeyuka tangu mwanzo. Ndani ya ndoo mna chembe za plastiki zinazoelea kama mafuta yanavyoelea kwenye maziwa, kila moja ikiwa na kipenyo cha nanomita 100 hivi. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo mara mamia. Maji yakikauka chembe hubanana, molekuli zao ndefu zikapenyana na kusukana, ukuta ukapata ngozi moja.

Tatizo ni kwamba chembe laini hushikana vizuri lakini ngozi yake hunata: vumbi linaganda, dirisha linang'ang'ania fremu. Chembe ngumu hazinati, ila hazishikani. Zinakauka zikawa unga. Dawa ya siku nyingi ni kutia kiyeyusho kinachozilainisha, kisha kikatorokea hewani, na mapafuni mwetu.

Wanakemia wakapata njia ya werevu zaidi: chembe moja yenye kiini kigumu na ganda laini. Maganda huungana, viini hubaki kama kokoto ndani ya zege.

Kuipika kunataka subira. Kwanza molekuli za stirini huunganishwa kuwa plastiki ndani ya maji ya sabuni yenye joto la nyuzi 80 hivi, hewa ikiwa imefukuzwa kwa nitrojeni, maana oksijeni huzima mmenyuko. Hapo viini huzaliwa. Plastiki hiyo hailainiki mpaka ikaribie nyuzi 100. Kisha hudondoshwa mchanganyiko wa ganda, wenye butili akrilati kwa wingi, ambayo plastiki yake hubaki laini hata kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Tone kwa tone, kwa saa kadhaa. Ukizidisha sabuni, chembe mpya zinajizalia pembeni, hazina kiini. Tena plastiki inayopenda maji hukimbilia nje, kwa hiyo ukikosea kupanga, chembe inaweza kujigeuza kama soksi. Stirini huchukia maji. Ndiyo maana hutulia ndani.

Utajuaje umefaulu? Mwanga wa leza hupima jinsi chembe zinavyochezacheza majini: ndogo huenda mbio, kubwa hujikokota. Lakini kipimo hiki kinahitaji jicho kali, kwani ujazo ukiongezeka maradufu, kipenyo hutoka nanomita 100 hadi 126 tu. Nacho hakioni ndani. Kwa hiyo sampuli hupashwa joto taratibu. Ikilainika mara mbili, kwenye nyuzi mbili tofauti, plastiki mbili zipo. Hadubini ya elektroni ndiyo huonyesha ipi iko ndani, baada ya stirini kutiwa weusi kwa kemikali ya rutheni.

Hata ganda laini lina kikomo chake cha baridi, maana si butili akrilati tupu: chini ya kikomo hicho maganda hayaungani. Ukiwa Makete au Limuru mwezi wa Julai, usishike brashi alfajiri. Subiri ukuta upate jua.