Igizo si risala

Mwezi uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika mashindano ya michezo ya kuigiza ya wanafunzi wa sekondari huku Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Tuliketi bwaloni, meza za chakula zimesogezwa ukutani, na kwa baridi ya asubuhi ile watoto walikuwa bado wamejikunyata ndani ya masweta. Yaliletwa maigizo matano. Manne kati yake yalikuwa na baba mlevi.

Mnamjua baba huyo. Anaingia akipepesuka, chupa mkononi, anafoka kwamba mtoto wa kike hana haja ya kusoma, aolewe, ng'ombe waje. Ukumbi unacheka. Mama analia. Kisha anaingia mtendaji wa kijiji, anasimama katikati, anawatazama wageni waalikwa badala ya kumtazama mlevi, anatoa hotuba ya dakika tatu juu ya faida za elimu, na baba anatubu papo hapo. Makofi. Ujumbe umefika.

Umefika kwa nani? Wazazi waliokuwa wameketi nyuma hawakuwa walevi. Kila mmoja alicheka kwa amani, akijua kwamba anayesemwa ni mtu mwingine.

Baada ya onyesho nilimwuliza binti mmoja wa kidato cha tatu, mtunzi wa igizo mojawapo, amempata wapi baba yule. Akainama. "Nimemtunga tu, mwalimu. Baba yangu hanywi." Aliniita mwalimu wala sikumsahihisha. Ndipo akanisimulia yaliyotokea kwao. Ada ya sekondari imefutwa tangu 2016, kweli, lakini godoro, sare na madaftari havikufutwa. Baba yake alikuwa ameuza maharage, fedha anayo. Juma hilohilo bibi, mama mzazi wa baba, akalazwa. Jioni nzima baba aliketi nje ya nyumba na zile fedha, hasemi kitu. Asubuhi akaenda hospitali. Binti akachelewa shule kwa miezi kadhaa.

Nikamwuliza mbona hakuliandika hilo. Akanijibu: "Ujumbe usingeonekana."

Jibu hilo limenikaa rohoni, na ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Wala simlaumu mtoto. Sisi watu wazima ndio tunaomfundisha kuichambua tamthilia kwa ajili ya mtihani: fani na maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Hayo ni mambo ya msomaji, yanapatikana kitabu kikiisha. Mtunzi akianza nayo anakuwa ameanzia mwisho. Ni kama kumfundisha mtu kula ugali, ukadhani umemfundisha kulima.

Mtunzi huanza na swali jingine kabisa: nani anataka nini, leo hii, na nani anamzuia? Na yule anayezuia sharti awe na sababu ambayo hata wewe mtunzi, ukiwa katika nafasi yake, ungeiona ni ya haki. Hapo ndipo mgogoro unapozaliwa. Mlevi hana sababu, ana chupa tu, kwa hiyo hakuna mgogoro. Kuna kelele.

Tazameni kitabu ambacho wanafunzi wetu wamekisoma miaka mingi, "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe" cha Edwin Semzaba, kilichotoka 1988. Karani wa sensa amekuja kijijini kuhesabu watu. Anakaribishwa nyumbani kwa balozi, Mzee Mitomingi, na huko anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake. Anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja. Mitomingi naye si mtu mbaya. Ni baba anayelinda nyumba yake dhidi ya mgeni aliyemwamini. Na jambo linaloonekana kwa macho ni zile karatasi za sensa. Tangu mwanzo zipo, kazi ya serikali nzima imo ndani yake, na mwishowe hasira ya mzee inazitia moto. Ni kweli kwamba jina la kitabu linatangaza ujumbe waziwazi, tena kupita kiasi kwa ladha yangu. Lakini mwanafunzi aliyemaliza shule miaka mingi iliyopita hakumbuki falsafa ya mwandishi. Anakumbuka karatasi zinaungua.

Wakati mwingine anayezuia yumo ndani ya mtu mwenyewe. Ebrahim Hussein katika "Kinjeketile" (1969) alichukua habari za Vita vya Maji Maji, ambavyo mtu angetarajia visimuliwe kwa bunduki na mikuki, akaweka uzito wote katika kifua cha mtu mmoja mwenye shaka juu ya maji aliyoyatoa yeye mwenyewe. Mwishoni yumo mikononi mwa Wajerumani, wanataka akane. Akikana, ataokoa nini? Asipokana, ataacha nini nyuma? Mwandishi anayafungua maswali hayo, na msomaji anafunga kitabu akiwa bado anabishana.

Kuhusu muundo, vitabu vya shule huchora mlima: unapanda, unafika kileleni, unashuka. Mchoro huo ni wa Mjerumani Gustav Freytag, wa 1863, nao si mbaya, ila haumwambii mtoto apandeje. Nawapa kipimo chepesi, ambacho asili yake ni mbali zaidi, kwa Mgiriki Aristotle: angalia kama jambo limetokea baada ya lingine tu, au kwa sababu ya lingine. Chukua maonyesho yako, katikati ya kila mawili weka neno. Ukiona linalofaa ni "kisha", una orodha. Ukiona linalofaa ni "kwa hiyo", una igizo. Baba analewa, kisha mtendaji anafika. Kwa nini amefika? Kwa sababu muda umekwisha!

Na muda ni mchache. Walipewa dakika ishirini, na igizo moja lilianza binti akizaliwa. Mpaka anafika darasa la saba, dakika kumi na mbili zimekwenda. Anza karibu na moto. Yaliyotangulia yatajitokeza yenyewe watu wakigombana, maana watu wakigombana hukumbushana ya zamani.

Sasa mazungumzo. Hakuna mtoto wa Buha anayemwambia babaye, "Baba, huu ni ubaguzi wa kijinsia." Anamwambia, "Baba, maji ya kuoga tayari," na sauti yake ndiyo inayosema mengine. Katika redio sisi tunalijua hili kwa shida, maana tukinyamaza sekunde tano msikilizaji anadhani betri zimekwisha. Jukwaani kunyamaza kunaonekana. Ni mali ambayo mimi sina, na watoto wale waliimwaga.

Hata hivyo redio imetufundisha jambo. Mchezo wa "Twende na Wakati", ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993 kwa ajili ya uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, ulikuwa na ujumbe wa wazi kabisa. Hata Dodoma hawakurushiwa mpaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha. Lakini watunzi hawakumtegemea Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, peke yake. Walimweka pia Tunu, mkewe, mtu aliye katikati, anayesitasita, anayebadilika polepole. Msikilizaji alitembea na Tunu.

Na hapa kwetu mpakani lipo la jirani zaidi. Mwaka 1997, vita vikiwa bado vinaendelea Burundi, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kutoa mchezo wa redio "Umubanyi Niwe Muryango", yaani jirani ndiye ndugu, uliotungwa na Mama Marie-Louise Sibazuri. Kwa Kirundi, bila shaka, lakini Mwaha anahitaji mkalimani wa nini? Nyumba mbili jirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi, na ilibidi kila upande uaminike. Angempa upande mmoja chupa na kupepesuka, nusu ya nchi ingezima redio.

Nilimwambia binti yule hayo kwa kifupi, tumesimama mlangoni mwa bwalo. Juma lililopita nilirudi Kabanga kwa shughuli nyingine, walimu wakanikaribisha kutazama mazoezi. Mtendaji wa kijiji hayumo tena. Baba ameketi kwenye benchi, ana noti mkononi. Anazigawa mafungu mawili. Anahesabu la kwanza, halitoshi. Anatoa noti katika la pili, anaongeza. Anahesabu la pili. Anarudisha. Binti anatoka ndani na sahani ya chakula, na baba anavua kofia, anazifunika zile noti.

"Karibu chakula, baba."

"Weka hapo."

Anaiweka sahani pembeni ya kofia. Wale watoto waliokuwa wakichungulia madirishani, hata mmoja hakucheka.