Mchi, Kinu na Hofu ya Misuli

Mwanamke wa mjini Dodoma anayeamua kuanza mazoezi mara nyingi huchagua kukimbia, kutembea jioni au kurukaruka kwa muziki. Vyuma huwaachia wanaume. Ukimuuliza sababu, jibu ni lile lile linalosikika Mwanza, Mombasa na Dar es Salaam: anataka mikono iliyokazika, mabega yenye umbo na nyama uzembe ya chini ya mkono ipungue, ila hataki kuwa na mabega ya baunsa. Basi anakwepa mazoezi yale yale ambayo yangempa anachokitafuta. Hoja yangu ni kwamba hofu hiyo haina msingi katika mwili wa mwanamke, na kwamba Ugogo, eneo hili la Wagogo, ilipaswa kuwa mahali pa mwisho kuipokea, kwa sababu hapa wanawake wamefanya kazi nzito za mikono kizazi baada ya kizazi, machoni pa kila mtu.

Uwanda huu wa kati ni mkavu. Mvua huja msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ndiyo maana mtama na uwele vimekuwa chakula cha watu wake. Nafaka hizo haziingii chunguni hivi hivi. Kijadi lazima zikobolewe kwenye kinu, zipepetwe, kisha zisagwe. Tazama mwanamke anavyotwanga: mchi unapanda hadi juu ya kichwa, unashuka kwa nguvu, na wakiwa wawili kwenye kinu kimoja hupokezana, mmoja akipandisha mwenzake anashusha, bila michi kugongana. Mabega na mgongo wa juu ndivyo vinavyoinua. Msuli wa nyuma ya mkono, pale pale panapolalamikiwa na wengi, ndio unaosaidia kushindilia. Kwenye jiwe la kusagia kazi hubadilika. Hapo mwanamke hupiga magoti, hushika jiwe dogo kwa mikono miwili, husukuma mbele na kuvuta nyuma huku uzito wa kiwiliwili ukiegemea mikononi. Kusukuma na kuvuta ndiyo misingi miwili ambayo mwalimu yeyote wa mazoezi hujengea ratiba ya sehemu ya juu ya mwili. Ongeza jembe, maji na kuni. Ongeza pia muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ambayo mpigaji huibana kwa mapaja na kuipiga kwa viganja vitupu, muda mrefu, bila mikono kulegea. Wanawake waliokulia katika kazi hizo wana mikono migumu yenye mistari inayoonekana. Ila hakuna anayemwona mmoja wao kwa mbali akamdhania kuwa ni mwanaume.

Huo ni ushahidi wa macho, na macho huweza kudanganya, kwa hiyo tuangalie na vipimo. Mwaka 2017 Alison Macintosh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti wa mifupa ya wanawake walioishi Ulaya ya kati katika maelfu ya miaka ya mwanzo ya kilimo. Mfupa hukua kwa kufuata msuli unaouvuta, hivyo mfupa wa mkono hutunza kumbukumbu ya kazi. Waliilinganisha mifupa hiyo na ya wanawake wa leo, wakiwemo wapiga makasia wa chuo hicho, ambao ni wanamichezo wa mikono hasa. Wanawake wale wakulima wa miaka zaidi ya 7,000 iliyopita walikuwa na mifupa ya mikono yenye nguvu zaidi kwa asilimia 11 hadi 16 kuliko ya wapiga makasia, na karibu asilimia 30 kuliko ya wanafunzi wa kawaida. Maelezo waliyoyaona kuwa ya karibu zaidi ni kusaga nafaka kwa mawe, kila siku, kwa saa nyingi. Lakini jambo linalonigusa zaidi ni lingine. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa hawaioni kazi hiyo ya wanawake, kwa sababu walikuwa wakiilinganisha mifupa ya wanawake na ya wanaume, na mfupa wa mwanaume huonyesha dalili za kazi waziwazi zaidi. Mwili wa mwanamke ulikuwa umepokea kazi kubwa bila kuitangaza kwa ukubwa.

Sababu kuu iko kwenye damu. Testosteroni, homoni inayosukuma misuli kunenepa, huwa nyingi kwa mwanaume mzima zaidi ya mara 10 kuliko kwa mwanamke. Isitoshe, wawili hao hawaanzii mahali pamoja. Katika vipimo vya watu 468 vilivyochapishwa mwaka 2000, wanaume walikuwa na wastani wa kilo 33 za misuli na wanawake kilo 21, na pengo lilikuwa kubwa zaidi sehemu ya juu ya mwili kuliko miguuni. Hapa sitaki kutia chumvi, maana wapo wanaowatuliza wanawake kwa kuwaambia kwamba misuli yao haikui kabisa. Inakua. Tena kwa kiwango cha asilimia, mwanamke na mwanaume wanaofanya mazoezi sawa hupata ongezeko linalokaribiana. Tofauti ni kwamba asilimia ile ile ya kitu kidogo ni kidogo. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti kadhaa za wanawake walionyanyua vyuma kwa wiki 15 hivi, ulionyesha kuwa nguvu za sehemu ya juu ya mwili ziliongezeka kwa takribani robo nzima, ilhali ukubwa wa misuli uliongezeka kwa asilimia 3 hivi. Nguvu robo, ukubwa asilimia 3. Sehemu kubwa ya nguvu za mwanzo hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamuru misuli iliyopo ifanye kazi kwa pamoja.

Na wale wanawake wa kwenye picha, wenye mikono mipana kama mapaja? Wapo kweli. Wengi wao ni washindani wa kutunisha misuli waliotumia miaka mingi wakifanya mazoezi karibu kila siku na kula kwa mizani, na baadhi yao huongezea dawa zenye homoni za kiume, ambazo huifanya sauti iwe nzito, huotesha ndevu na huvuruga hedhi. Hakuna anayefika huko kwa bahati mbaya kwa kuinua vyuma Jumanne na Ijumaa. Na mkono wenye nguvu si fedheha: Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, katika mchezo unaotegemea bega na mkono kuliko mingi mingine. Taifa halikuona aibu kwa mkono ule; lilijivunia.

Hofu hii imezaa ushauri mwingine mbovu: kwamba mwanamke ashike vyuma vyepesi tu, arudie mara nyingi, asije akatuna. Tafiti zinaonyesha kwamba uzito mwepesi na mzito hukuza misuli karibu sawa iwapo mtu atafanya hadi anapokaribia kushindwa. Mzito huzidi kwa kuongeza nguvu. Tatizo la kichuma cha kilo 1 ni kwamba anayekitumia huacha kwa kuchoshwa, misuli ikiwa bado haijaamka. Vivyo hivyo, hakuna zoezi la mkono linaloyeyusha mafuta ya mkono peke yake. Mwili huchota mafuta unakotaka. Umbo linaloonekana ni mambo mawili kwa pamoja: msuli uliokazwa na mafuta kiasi juu yake, na la pili huamuliwa zaidi na chakula na mwendo wa siku nzima.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: kama kinu kilitosha kwa bibi zetu, si kazi za nyumbani zitatosha? Zingetosha kama zingekuwa zile zile. Mashine ya kusaga imefika hadi vijijini, na nashukuru imefika. Mjini kuna bomba, gesi na unga wa pakiti. Dodoma iliyochaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, ikaanza kupokea serikali kwa kasi kuanzia 2016 na kupandishwa kuwa jiji Aprili 2018, leo ina maelfu ya wanawake wanaoshinda vitini, kuanzia ofisi za serikali za Mtumba hadi madarasa ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Siwaiti warudi kwenye jiwe. Kazi ya kinu haikuwa mazoezi. Ilikuwa kazi isiyo na likizo, mara nyingi kwa mtu aliyekula kidogo na kuamka usiku kunyonyesha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu, na mwili wa namna hiyo ukizidishiwa mzigo huchoka tu. Mazoezi yanatofautiana na sulubu kwa sababu uzito hupanda kidogo kidogo, siku za kupumzika zimo ndani ya ratiba, na chakula kinatosha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, juu ya angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki. Halikuwatoa wanawake. Kuanzia umri wa miaka 30 na kitu misuli huanza kupungua polepole, na anayefika miaka 60 bila akiba huweza kushindwa kubeba ndoo au kumwinua mjukuu. Akiba hiyo haihitaji ada ya jimu. Dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5. Inama mgongo ukiwa umenyooka, livute hadi ubavuni: hilo ni zoezi la mgongo na msuli wa mbele ya mkono. Liinue kutoka begani hadi juu ya kichwa: hilo ni la bega na msuli wa nyuma ya mkono. Piga pushapu ukiegemea ukuta, baada ya wiki chache meza imara, baadaye sakafu. Fanya seti tatu, uache pale unapoona umebakiza mara mbili au tatu tu kabla ya kushindwa, na ukizoea ongeza uzito. Chakula cha kujenga msuli kipo sokoni Majengo: karanga, kunde, maziwa, mayai, kuku wa kienyeji kutoka Singida, na mlenda uliopikwa kwa karanga pembeni ya ugali wa uwele. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu au anayehisi kizunguzungu aanze kwa kumwona mhudumu wa afya.

Kwenu wenye jimu za Dodoma: mwanamke akija mara ya kwanza, msimwelekeze moja kwa moja kwenye mashine ya kukimbilia. Mfundisheni kushika vyuma sawasawa, mwandikieni uzito alioanza nao, na baada ya miezi mitatu mwonyesheni alipofika. Nawe dada unayesoma haya, jaza madumu mawili leo jioni uanze.