Miguu ya Spika na Hesabu ya Mtetemo

Spika ndefu ya kusimama sakafuni hutoa sauti kwa kuisukuma hewa, na kwa kuwa kila msukumo huzaa msukumo wa kinyume ulio sawa nao, kama inavyoeleza sheria ya tatu ya Newton, kasha lake nalo hutikisika na kuipa sakafu sehemu ya mtikisiko huo. Sakafu ya mbao hunyumbuka na kuvuma pamoja nayo, hata besi ikapoteza ukali wake. Zege lililomwagwa juu ya ardhi halitikisiki kwa urahisi, na hapo miguu ya kuzuia mtetemo huleta tofauti ndogo mno.

Miguu hiyo, iwe ya mpira au ya springi, hutii kanuni moja: uzito uliokaa juu ya kitu kinachonyumbuka huwa na masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara unazopanda na kushuka kwa sekunde ukisukumwa kisha ukaachwa, ambayo hupimwa kwa hezi. Mtetemo huanza kupungua pale tu masafa ya sauti yanapozidi yale ya asili kwa takriban mara 1.4, na yote mawili yakikaribiana huongezeka. Springi inayobonyea milimita 4 chini ya uzito wa spika huwa na masafa ya asili ya karibu hezi 8, kwa hiyo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye hezi 41, hupitisha takriban asilimia 4 tu ya nguvu yake. Ikibonyea sehemu ya kumi ya milimita, masafa hayo hupanda hadi hezi 50, ndani ya besi yenyewe, na mguu ulionunuliwa kama kinga huikuza kasoro.

Ndiyo maana uzito wa spika hupaswa kujulikana kwanza. Kilo 24 juu ya miguu 4 ni wastani wa kilo 6 kwa kila mguu. Mguu uliotengenezwa kubeba kilo 20 hautabonyea vya kutosha, na mpira ulioelemewa hubanwa ukapoteza unyumbufu.

Miiba ya chuma hutoboa zulia na kuituliza spika, lakini haizuii mtetemo. Springi laini, kwa upande wake, huifanya spika nyembamba iwe rahisi kuanguka, na penye watoto wadogo usalama wao hutangulia ubora wa sauti. Mvumo unaotokana na mawimbi ya sauti kurudishwa na kuta hauondolewi na mguu wa aina yoyote. Wenye tatizo hilo waanze kwa kuisogeza spika mbali na kona.