Plastiki, Kibanja na Masomo Yetu



Tukirudi likizo Nyakakika, kazi ya kwanza tunayopewa ni ya jembe. Ukilima kibanja cha migomba siku hizi, jembe hunasa vitu ambavyo babu zetu hawakuvijua: vipande vya mifuko, vifuniko vya soda, hata kiriba kilichozikwa pamoja na mche wake wa kahawa. Ganda la ndizi huoza likawa mbolea. Plastiki hukatikakatika tu, ikabaki udongoni miaka mingi.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Katazo hilo limesaidia, lakini halikugusa chupa za maji, madumu wala vifungashio vya kilimo. Hivyo vimebaki mikononi mwetu, na wengi tunavichoma. Hata sisi waseminari, pamoja na miaka yote ya shule, tulikuwa tunachoma shimoni, moshi ukiwafuata wapishi jikoni. Hatukuwa tumefundishwa njia nyingine.

Ndiyo maana tunaona elimu ya juu, seminari zikiwemo, ifundishe uchumi wa mzunguko: kutumia kitu kwa muda mrefu, kukikarabati, na mwishowe kukirudisha kiwandani kiwe malighafi. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' (2015), alikosoa utamaduni wa kutupa na kukiri kwamba bado hatujafikia uzalishaji wa namna hiyo.

Nini kifundishwe? Kwanza, kupunguza: kile ambacho hakikununuliwa hakihitaji jalala.

Pili, kutambua. Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye namba: 1 ni chupa za maji, 2 ni madumu mengi, 5 ni mabeseni mengi. Haziyeyushwi pamoja. Jaribu hili: katakata chupa ya maji na kifuniko chake, utie vipande kwenye ndoo ya maji. Vya chupa vitazama, vya kifuniko vitaelea. Ni plastiki mbili tofauti.

Tatu, kupiga hesabu. Chupa tupu ni nyepesi lakini zinajaza gari, na kutoka Karagwe hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Zisipobanwa na kukusanywa nyingi, nauli humeza mauzo yote.

Kule Lamu, mafundi walitumia taka za plastiki, zikiwemo kandambili, kuunda jahazi la Flipflopi lililoingia majini mwaka 2018. Sisi wanafalsafa tungesema maada ni ileile, umbo ndilo limebadilika. Lakini Aristotle alifundisha pia kwamba fadhila huja kwa kutenda, kama fundi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Somo hili nalo halitaingia kwa mhadhara peke yake.

Sisi tumeanza na viroba vitatu: cha chupa, cha madumu na cha mabeseni yaliyovunjika. Bado hatujapata mnunuzi wa uhakika, na hilo nalo ni sehemu ya somo. Nanyi waamini, msimu wa kupanda kahawa ukifika, ondoeni kiriba kabla ya kufukia mche, mkiweke kando. Jumuiya ikikubaliana mahali pamoja pa kuvikusanya, tutakuwa tumeanza. Kibanja tulichorithi kikiwa safi, tusiwaachie wadogo zetu kikiwa jalala.