Picha Ndogo, Udugu Mpana: Wapiga Picha wa Kujipendea na Mtandao wa Intaneti

Kupiga picha si kazi ya wenye studio peke yao. Kijana mwenye simu ya mkononi, mwalimu mstaafu mwenye kamera ya zamani, na mwanakamati anayepiga picha siku ya mavuno, wote ni wapiga picha wa kujipendea. Zamani picha zao ziliishia kwenye albamu. Tangu intaneti ienee, picha za namna hiyo zimewakutanisha watu wasiotarajia kufahamiana. Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, faida zake, na tahadhari ambazo kamati za parokia na wafadhili wanapaswa kuchukua, hasa katika maeneo ya machimbo kama Makongolosi, wilayani Chunya.

Watu hukutanaje?

Mwaka 2004 zilianzishwa hifadhi mbili za picha katika mtandao, Flickr na Wikimedia Commons, ambamo mtu yeyote anaweza kuweka picha zake. Kinachowakutanisha watu ni maneno yanayoambatana na picha: jina la mahali, tarehe na kinachoonekana. Mtu akitafuta neno "Chunya", huletewa picha zenye neno hilo, ziwe zimepigwa na mwenyeji au na mgeni aliyepita zamani. Picha isiyo na maelezo ni vigumu kuipata, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kwa upande wetu, intaneti ilitegemea sana setilaiti na ilikuwa ghali. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009, waya wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Baadaye simu zenye kamera na intaneti zilifika hadi kwenye maduara ya wachimbaji wadogo.

Wasomaji waliosahihisha hifadhi

Mwezi Desemba 2008, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani iliweka zaidi ya picha 80,000 katika Wikimedia Commons. Miongoni mwake zimo za Walther Dobbertin, aliyepiga picha nchini kwetu wakati wa utawala wa Wajerumani. Watu wa kujitolea walianza kuonyesha makosa katika maelezo ya picha, na hifadhi ikapata nafasi ya kuyasahihisha. Mwaka 2011 Hifadhi ya Taifa ya Uingereza nayo iliweka katika Flickr picha za Afrika zilizokuwa za Wizara ya Makoloni, ikawaomba wasomaji waseme wanachokitambua.

Aidha, picha za wamisionari wa Moravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, zimo katika hazina ya picha za misioni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Wengi wa wamisionari hao hawakuwa wapiga picha kwa taaluma. Leo mjukuu wa aliyepigwa picha anaweza kuiona picha ileile anayoitazama mjukuu wa aliyeipiga.

Hapa pana jambo la haraka. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa ilivuta watu wa makabila na mataifa mengi hadi Chunya. Wanaoweza kutaja majina ya watu na maeneo ya siku hizo wanazidi kupungua. Mzee akiondoka, picha hubaki na sura zisizo na majina.

Picha kama ushahidi

Mfano mwingine ni wa hapa Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2003 watafiti walimwona nyani asiyejulikana kwa sayansi kwenye misitu ya Rungwe, baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wenyeji. Mwaka 2004 kundi lingine lilimwona nyani wa aina hiyohiyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Makundi hayo yalikuja kugundua kwamba yanamzungumzia mnyama mmoja. Mwaka 2005 walimtambulisha pamoja, wakitumia picha. Ndiye kipunji. Wanasayansi wengine walihoji kama picha peke yake inatosha. Baadaye kipunji aliyekufa kwenye mtego wa mkulima aliwezesha uchunguzi zaidi, na mwaka 2006 akawekwa katika jenasi yake mwenyewe.

Fundisho ni kwamba picha hufungua mlango wa mazungumzo, lakini ukweli wake hupimwa pamoja na ushahidi mwingine.

Tahadhari kwa maeneo ya machimbo

Mlango huohuo huingiza pia wasio na nia njema. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu na hatari ya zebaki, na Chunya ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotembelewa. Picha ya mtoto kando ya karasha huweza kugusa mioyo ya wengi. Lakini ikishasambaa hairudi, na mtoto huyo atakua akiwa na aibu ambayo hakuichagua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa picha zinazomtambulisha mtu.

Hivyo basi, tunashauri:

1. Omba ridhaa kabla ya kupiga, na umweleze mhusika picha itakwenda wapi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aridhie, na mtoto mwenyewe asikilizwe.
2. Usitaje jina la mtoto, shule yake wala kitongoji chake.
3. Zima huduma ya kuonyesha mahali kwenye simu. Picha huweza kubeba alama za ramani zinazoonyesha nyumba au mahali dhahabu inapotunzwa.
4. Andika nyuma ya kila picha ya zamani, kwa penseli laini: nani, wapi, lini, na nani ametoa maelezo.
5. Wafadhili wasidai sura za watu ndipo waamini kazi imefanyika. Picha ya kisima, daftari la mahudhurio au mikono inayofanya kazi inatosha.

Kila kamati inaweza kuanza na albamu moja na mzee mmoja. Majina yakishaandikwa, wenyewe wataamua kama picha iende mtandaoni au ibaki kabatini. Uamuzi huo ni wa wenye sura, si wa mwenye kamera.