Kabla Injini ya Bodaboda Haijafunguliwa
Bodaboda iliyotembea sana ikianza kushindwa na mlima na kutoa moshi, hukumu hutolewa palepale kijiweni: ringi zimekwisha, ifunguliwe. Mara nyingine hukumu hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, injini ndogo ya silinda moja inayopozwa kwa hewa hupoteza nguvu kwa sababu nyingi zenye dalili zinazofanana, na ringi ni mojawapo tu. Kuifungua kunafaa kuthibitisha kile ambacho vipimo vya nje vimekwisha kukionyesha. Ni njia mbaya ya kutafutia ugonjwa. Kilometa nazo ni shahidi dhaifu. Kebo ya spidomita ikikatika, namba husimama huku safari zikiendelea, na hata ikiwa nzima haihesabu saa za kunguruma kwenye foleni wala vumbi lililomezwa. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Kwa hiyo filta ya hewa iliyochanika, kwenye barabara ya vumbi, huweza kuila injini changa kuliko lami inavyoila kongwe.

Moshi husema mengi, ila lazima uulizwe unatoka lini. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa, na hapo filta na choki ndivyo vya kutazamwa kwanza. Mweupe wa asubuhi ya baridi ni mvuke tu. Wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka mfululizo pikipiki inapovuta mzigo, ringi na silinda zina kesi ya kujibu. Ukitoka kwa wingi baada ya mteremko, dereva alipokuwa ameachia mafuta kisha akavuta tena, shaka ihamie kwenye sili za valvu, kwa sababu mafuta yakifungwa injini hunyonya kwa nguvu na oili hupenya kando ya shina la valvu. Sili ni kitu kidogo cha bei ndogo. Na mlio ukipanda bila mwendo kuongezeka, injini haina kosa, klachi inateleza.

Sauti hudanganya zaidi. Madereva huogopa tapeti zinazogonga, kumbe zilizonyamaza ndizo za kuogopwa. Valvu ya kutolea moshi na kiti chake hulika kwa joto, valvu ikazama kidogo kidogo ndani ya kichwa cha injini, na nafasi iliyoachwa kwenye tapeti ikapungua. Honda CG125, iliyoingia sokoni 1976 na ambayo muundo wake umenakiliwa katika pikipiki nyingi za Kichina, hutaka nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo ikiisha, valvu haifungi sawasawa, gesi ya moto hupenya na kuuunguza ukingo wake. Pikipiki huwa ngumu kuwaka na hukosa nguvu, yaani zilezile dalili ambazo ringi husingiziwa. Kuseti tapeti ni kazi ya spana, bisibisi na kibati chembamba cha kupimia.

Tapeti zikishakuwa sawa, ndipo ifuate geji ya kompresheni. Plagi hutolewa, geji hufungwa mahali pake, mafuta huvutwa mpaka mwisho na kiki hupigwa hadi mshale uache kupanda. Kisha humiminwa kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Oili huziba kwa muda pengo la ringi. Namba ikipanda waziwazi, uvujaji uko huko. Isipobadilika, zitazamwe valvu na gasketi ya kichwa. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ina uzito kuliko namba yenyewe: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa takriban moja ya tano. Injini nzima ikipimwa Nairobi kwa namba za kitabu itahukumiwa bure.

Atasema mtu kwamba fundi mzoefu anatosha kwa sikio lake, na kwamba dereva mwenye hesabu ya tajiri hana muda wa vipimo. Sikio zuri huelekeza pa kupima. Haliwezi kupima milimita 0.08. Na hesabu ya tajiri inautetea upimaji wenyewe, maana kazi hiyo ni ya saa moja hivi, ilhali injini iliyofunguliwa inaweza kulaza pikipiki siku nzima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba chombo kikuukuu kitafunguliwa tu, leo au kesho. Ni kweli, lakini ringi mpya zikitiwa katika silinda iliyolika upande mmoja hazishiki, na moshi hurudi. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Ikizidi kiwango huchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo kwa kawaida hupanda kwa milimita 0.25, hivyo silinda ina nafasi chache tu za kuchongwa kabla haijatupwa.