MPANDA MTI HUONDOKA, KIVULI HUBAKI
Matembezi ya familia katika nyumba za kale na bustani zake, kutoka Hima hadi Fort Portal

Watoto wanapofunga shule, mfanyakazi wa serikali huulizwa swali moja nyumbani kwake: "Baba, safari hii tutakwenda wapi?" Mara nyingi jibu ni kijijini kwa babu na bibi, au si popote. Ndugu msomaji, leo napenda kukueleza juu ya matembezi ya namna nyingine, yasiyohitaji fedha nyingi wala siku nyingi, nayo ni kuzuru nyumba za kihistoria na bustani zake zilizoko mashambani kwetu.

Kwanza nieleze kilichonisukuma. Nyumba niliyopewa na serikali hapa Hima ina ua mtupu, hauna hata mpera. Nilipomwambia mama watoto tupande walau mwembe mmoja, alinijibu kwa upole, "Baba watoto, tutampandia nani? Kesho ukipewa barua ya uhamisho, maembe hayo atakula nani?" Sikuwa na jibu. Naamini maneno hayo yamekwisha kusemwa katika nyumba nyingi za askari wetu, makambini na vituoni. Jibu lake nililipata safarini.

KARAMBI, PALIPOLALA WAFALME

Tuliondoka Hima asubuhi kwa teksi ya abiria iendayo Fort Portal. Barabara hupita Rugendabara, Rwimi na Kibiito, na Milima ya Rwenzori huwa mkono wa kushoto safari nzima. Kadiri gari linavyopanda, joto la bonde la Kasese hupungua na migomba huzidi. Fort Portal uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wachukulieni watoto sweta.

Kilometa chache kabla ya kufika mjini, kando ya barabara hiyo hiyo, ndipo palipo Karambi, makaburi ya wafalme wa Tooro. Hapo wamelazwa Kasagama, aliyefariki mwaka 1928. Mwanawe Rukidi wa Tatu, aliyefariki mwaka 1965. Na Kaboyo Olimi wa Tatu, aliyefariki mwaka 1995. Kila mfalme amejengewa nyumba, na ndani yake vimehifadhiwa vitu kama vile ngoma na mikuki. Hapo ndipo watoto wangu walipofahamu kwamba jina walilolisoma kitabuni lilikuwa la mtu aliyeishi, aliyeshika mkuki kwa mkono wake.

Mwenyeji mmoja alipotusalimu aliwauliza watoto mpaako wao, yaani jina la heshima na mapenzi ambalo Watooro huitana wanaposalimiana, kama Amooti, Akiiki au Abwooli. Watoto hawakuwa nalo, wakacheka kwa haya. Desturi hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Anayekwenda kwa watu na ajifunze kwanza salamu zao.

KARUZIKA, NYUMBA ILIYOFUFUKA

Kutoka Karambi tuliendelea hadi mjini, tukapanda kilima cha Karuzika. Jumba la mfalme ni la duara, na ukisimama uwanjani mwake waona mji wote chini yako na, mawingu yakijaliwa kupisha, milima ng'ambo yake.

Jumba hilo lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya Rukidi wa Tatu, ambaye hakuifaidi miaka mingi. Mwaka 1967 falme za Uganda zilifutwa. Baadaye nyumba hiyo iliporwa na kuachwa ikiharibika. Falme zilirudishwa mwaka 1993, na mwaka 1995 Oyo Nyimba Kabamba Iguru alitawazwa akiwa mtoto wa miaka mitatu tu. Ukarabati ulifanywa mwaka 2001, kwa fedha zilizotolewa na Muammar Gaddafi, aliyekuwa kiongozi wa Libya.

Tazama basi: nyumba ilijengwa na mmoja, ikaharibiwa na wengine, ikatengenezwa kwa fedha za mgeni, na leo inafagiliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipowekewa msingi. Nyumba huishi kwa sababu ya anayeitunza leo, hata kama si yake.

Adhuhuri tulikaa chini ya mti mkubwa kando ya njia, tukafungua chakula chetu. Mzee mmoja alikuwa amepumzika hapo hapo. Mtoto wangu mdogo akamwuliza, "Babu, nani aliupanda mti huu?" Mzee akatazama juu, kisha akasema, "Sijui, mjukuu wangu. Nilipokuwa kama wewe niliukuta hapa." Mama watoto alinitazama, wala hakusema neno.

WALIOJENGA WAKAONDOKA

Mambo hayo si ya Tooro peke yake. Huko Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, Mwingereza tajiri aitwaye Maurice Egerton alianza kujenga jumba la mawe mwaka 1938. Ujenzi ulikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ukamalizika mwaka 1954. Mwenyewe alifariki mwaka 1958, bila mke wala mtoto. Leo jumba hilo na bustani zake ni mali ya chuo kikuu chenye jina lake, na wananchi huingia humo kwa matembezi na kwa harusi. Karibu na Nairobi pia ipo nyumba iliyojengwa mwaka 1912, alimoishi mwandishi wa Kidenmaki Karen Blixen kuanzia 1917 hadi 1931. Shamba lake la kahawa lilimshinda akarudi kwao. Nyumba ikawa makumbusho mwaka 1986.

Hata hapa wilayani Kasese tunazo nyumba za kufundishia. Huko Kilembe, katika bonde la Mto Nyamwamba, zilijengwa nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba, uliofanya kazi tangu mwaka 1956 hadi 1982. Tarehe 1 Mei 2013 mto ulifurika na kushusha mawe makubwa, ukabomoa nyumba na kuua watu. Mwaka 2020 ukafurika tena na kuiharibu hospitali. Apitaye hapo huona kwamba nyumba na mazingira yake ni kitu kimoja.

MASHAURI KWA FAMILIA

Anayekusudia matembezi kama haya na azingatie yafuatayo:

Ombeni ruhusa kwanza, na lipeni kiingilio panapotakiwa. Makaburi na majumba ya wafalme ni mahali pa heshima.

Vaeni nguo za adabu. Mama akiwa na gomesi au sketi ndefu atapokewa vizuri kila mahali.

Chukueni maji na chakula kutoka nyumbani, na mfuko wa kurudishia takataka.

Waonyeni watoto mapema wasiguse vitu wala kuchuma maua. Kila mtoto apewe swali moja la kuuliza. Jioni awaeleze wenzake jibu alilopata.

Rudini na mche mmoja.

Kuhusu mche, katika joto la Kasese mwembe hustawi vizuri. Chagueni uliounganishwa kitaalamu, kwani huweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, ambapo ule wa kokwa hukawia zaidi. Chimbeni shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu uchanganyeni na samadi iliyooza. Pandeni mvua zinapoanza, wekeni nyasi kavu shinani zizuie unyevu usipotee, na zungushieni miba, maana mbuzi hawaulizi mti ni wa nani.

Sisi tulirudi Hima jioni, na juma lililofuata mama watoto mwenyewe alinituma kutafuta mche. Ameupanda mbele ya jiko, na maji yaliyooshea mboga huyamwaga hapo kila siku. Sasa una majani mapya saba. Barua ya uhamisho bado haijafika. Ikifika, tumekwisha kupatana kwamba atakayeingia katika nyumba hii tutamwonyesha mwembe kwanza, kisha ndipo tumkabidhi funguo.